Upawa Mmoja wa Jana

Nyumbani kwa Fundi kulikuwa na sufuria ambayo haikuoshwa. Si kwamba watu wa nyumba ile walikuwa wachafu. Vikombe vyao viling'aa. Sakafu ilipigwa deki kila asubuhi. Lakini sufuria ile nyeusi, yenye sikio moja lililovunjika, ilikaa siku zote juu ya jiko la mkaa, imefunikwa. Mwenye ruhusa ya kuifunua alikuwa Fundi peke yake.

Fundi alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa uani, chini ya mabati, hatua chache kutoka jikoni. Watu walimletea makochi yaliyobonyea na kuchanika. Yeye aliyavua kitambaa, akayatia sponji mpya, akayavisha, yakarudi kwa wenyewe yamenona. Kutwa nzima alikuwa akigonga misumari. Ukimwita kwa jina asingesikia. Mkewe aliligundua hilo zamani, siku za mwanzo za ndoa yao. Kwa hiyo chakula kikiwa tayari hakuita. Alichukua upawa akagonga ukingo wa sufuria, ko, ko, ko.

"Nakuja, mama watoto!" Fundi alijibu.

"Njoo basi, kinapoa!"

Na Fundi hakuja. Kila mara alikuwa na msumari mmoja wa mwisho, na ule wa mwisho ulikuwa na wenzake. Mkewe aligonga tena, akagonga tena, mpaka majirani wakacheka.

Kisha mama watoto alifariki. Alikuwa anaumwa moyo na hakuna aliyejua. Aliondoka asubuhi kwenda hospitali, anatembea kwa miguu yake mwenyewe, mkoba begani. Mlangoni aligeuka akasema, "Maharagwe yapo jikoni. Mkila, mfunike." Hakurudi tena.

Maharagwe yale ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kutoka mkononi mwake. Siku za msiba, watu walipokula vyakula vilivyoletwa na majirani, Fundi aliificha sufuria chumbani kwake. Asubuhi na jioni aliitoa, akaichemsha, akaonja kijiko kimoja, akairudisha. Maharagwe yalizidi kupungua, na yeye moyo ulizidi kumwenda mbio. Yalipobaki upawa mmoja tu, wazo likamjia. Alipika maharagwe mengine, akayamimina juu ya yale ya zamani. Akakoroga. Akaonja. Mkewe alikuwemo! Au yeye alitaka sana awemo, nani ajuaye.

Tangu siku hiyo ikawa ndivyo. Kila jioni Fundi alibakiza upawa mmoja wa jana, na juu yake akaongeza maharagwe ya leo. Hakutaka sufuria ikauke hata siku moja.

Nyumba ile ilikuwa na watoto wawili, wote wasichana. Mkubwa alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Mdogo wake alimwita Dada, na baada ya muda mtaa mzima ukamwita Dada, hata wazee waliomzidi kwa miaka mingi. Mdogo alikuwa bado hajaanza shule. Mashavu yake yalikuwa ya kufinywa na kila mpita njia, na jina lake la nyumbani lilikuwa Kibonge.

Kibonge alikula maharagwe ya sufuria ile bila maswali. Dada hakula.

"Njoo ule maharagwe ya mama yako," baba alimwambia kila jioni.

"Nimeshiba, baba."

"Umeshiba nini? Chai na mkate?"

"Nimeshiba tu."

Wakati mwingine Dada alijaribu njia nyingine. "Baba, leo nikuoshee sufuria? Nitaisugua kidogo tu."

"Iache!" Fundi alijibu kwa ukali ambao yeye mwenyewe hakuupenda. "Usiiguse sufuria ile. Umesikia?"

"Nimesikia."

Dada aliinama, akaendelea kukata mkate. Fundi alimtazama na moyo ukamuuma. Alijisemea, mtoto huyu amekwisha kumsahau mama yake. Watoto wa siku hizi mioyo yao ni migumu. Hakujua alikuwa anamsema nani.

*

Siku moja kulikuwa na joto la kuchoma. Fundi alikuwa na makochi ya ofisi fulani, na wenyewe waliyataka upesi. Asubuhi ile hakuchemsha maharagwe. Hakupata nafasi. Sufuria ilishinda jikoni imefunikwa, na bati la paa juu yake limewaka jua.

Jioni aliporudi jikoni, mkaa ulikuwa kidogo. Aliongeza maharagwe mapya, akapasha moto kwa haraka. Chakula kikawa vuguvugu tu. Fundi alikinusa. Akakionja.

"Kizuri," alisema. "Pua yangu hii, mwanangu, inajua gundi iliyoharibika kabla sijafungua kopo."

Kibonge alicheka, akala sahani mbili. Dada alimtazama mdogo wake, akarudi kwenye mkate wake.

Kulipokucha, Kibonge alitapika kitandani. Kabla hawajamaliza kumfuta, alitapika tena. Kisha akaanza kuharisha, maji matupu. Mtoto ambaye kila asubuhi aliamka anaimba, leo alilala kifuani kwa baba yake, macho nusu wazi, mashavu yamelegea.

"Dada! Mwite Mama Pacha!"

Mama Pacha alikuwa nesi wa kituo cha afya, na nyumba yao ilitenganishwa na yake kwa ukuta mmoja. Alikuwa mama wa mapacha waliokuwa na kelele za watoto kumi. Alikuja amevaa sare ya kazi upande mmoja, upande wa pili bado anafunga vifungo. Aliosha mikono kwa sabuni. Akamgusa mtoto. Akamfinya ngozi ya tumbo taratibu na kuiachia, akaangalia inavyorudi.

"Ameanza kukaukiwa maji," alisema. "Bado tuna nafasi, lakini tusikae. Dada, chota maji ya kunywa yaliyochemshwa. Lita moja kamili, tumia ile chupa. Baba, usimpe soda wala chai."

Alitoa mkobani pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini, akaimimina yote ndani ya lita ile ya maji, akatikisa. Akamwonyesha Fundi jinsi ya kumnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo.

"Je, akitapika?"

"Subiri kama dakika kumi, uanze tena polepole. Usimnyime maji kwa kuogopa kutapika. Kinachoua watoto wengi ni kukauka maji. Haya, mbebe, twende kituoni. Dada, njoo na chupa."

Fundi hakumbuki njia waliyopita. Anakumbuka uzito wa mtoto begani, na jinsi ulivyokuwa mdogo kuliko siku zote. Alikuwa anasema moyoni neno moja tu: huyu usinichukulie. Huyu naye usinichukulie.

*

Kituoni Kibonge alipimwa, akapewa vidonge vya zinki, akalazwa kwenye kitanda cha uangalizi karibu na dirisha. Dada alishika kijiko. Kila baada ya muda mfupi alisema, "Kunywa, mama, kunywa," kama alivyokuwa akiambiwa yeye alipokuwa mgonjwa. Mchana ulipofika, mtoto alikojoa. Mama Pacha alifurahia mkojo ule kuliko mtu aliyeokota dhahabu.

"Sasa tuzungumze," alisema, akavuta kiti. "Jana alikula nini?"

"Maharagwe," Fundi alijibu.

"Maharagwe ya lini?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Shemeji, nakuuliza. Ya jana? Ya juzi?"

"Ni ya mama," alisema Dada.

Mama Pacha alimgeukia. Dada alisimulia yote, sauti ndogo, macho kwenye kijiko. Upawa mmoja wa jana, na juu yake ya leo, tangu mama alipoondoka. Mama Pacha alisogeza kiti karibu zaidi. Alikuwa rafiki wa marehemu. Walikuwa wakiazimana chumvi juu ya ukuta.

"Pole, shemeji," alisema.

"Lakini nilichemsha!" Fundi alijitetea. "Kila siku nilichemsha. Ni jana tu ndiyo sikupata nafasi. Na nilinusa. Nilionja. Halafu mbona mimi sijaumwa?"

Hapo hapo tumbo lake lilinguruma kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Fundi alisimama.

"Choo kiko wapi?"

"Mkono wa kushoto," Mama Pacha alisema, na Kibonge, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka.

Fundi aliporudi, nesi aliendelea kwa upole.

"Chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto la kawaida, vijidudu vinaongezeka ndani yake. Havionekani. Muda wa saa mbili unatosha kuanza kuleta hatari, na siku ya joto kama jana ni mapema zaidi. Wewe ulikiacha kutwa."

"Lakini moto unaua vijidudu."

"Unaua vingi, kama chakula kimechemka kweli, si vuguvugu. Lakini kuna vijidudu vinavyoacha sumu ndani ya chakula, na sumu ya namna hiyo haitoki hata ukichemsha mpaka sufuria itoboke. Na kila siku unapobakiza kidogo, unachukua vijidudu vya jana unavipa chakula kipya. Umevifuga, shemeji. Siku zote zile mlikuwa na bahati tu."

"Kilikuwa hakinuki."

"Hakinuki kila mara. Wewe ukiletewa kochi, unaangalia kitambaa tu?"

"Ah, hapana. Nachana kwanza nione ndani. Kuna makochi mazuri juu, ndani sponji imeoza, panya wamezaa."

"Basi."

Fundi aliinamisha kichwa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

*

Jioni waliruhusiwa kurudi nyumbani, na dawa na maelekezo. Kama Kibonge angeshindwa kunywa, au angelegea sana, au angetoa damu, wamrudishe mara moja. Hayo hayakutokea. Mtoto alilala usingizi mzuri kwenye kochi, lile la nyumbani, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa linasubiri kushonwa.

Mama Pacha alipita kumtazama. Alimkuta Fundi jikoni, amekaa kwenye kigoda, sufuria imo mapajani mwake. Dada alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimejaribu kuimwaga," Fundi alisema. "Mkono unakataa."

Mama Pacha aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakumharakisha.

"Nguo zake zimekwisha kupoteza harufu yake," Fundi aliendelea. "Sauti yake naanza kuisahau. Nilikuwa na ladha hii tu. Nikiimwaga, ameondoka kabisa. Namkumbuka, Mama Pacha. Namkumbuka mpaka naona aibu. Mtu mzima kama mimi."

"Hakuna aibu hapo."

"Nimekaribia kumuua mwanawe kwa sababu ya kumkumbuka."

Alilia. Alilia bila kuficha uso, na sufuria imo mapajani.

Dada alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Baba, hiyo si ya mama. Mama hakutulisha maharagwe yaliyolala. Kila siku alipima kikombe, akapika yanayokwisha. Yakibaki, alituita tukwangue sufuria. Hukumbuki? Alisema wewe ndiye unayefanya yabaki, kwa kuchelewa na misumari yako."

Fundi alimtazama.

"Ndiyo maana hukula?"

"Nilionja siku moja. Baba, usikasirike. Vitunguu viliungua. Na chumvi ulitia mwanzo, maharagwe yakawa magumu."

"Kumbe mama yako alitia lini?"

"Mwisho. Usiku aliyaloweka, asubuhi akamwaga yale maji. Akayachemsha na maji mapya mpaka yakalainika kabisa. Kitunguu alikitia mafuta yakiwa bado hayajapata moto sana, akakiacha kiive polepole, huku anafanya mambo mengine. Nyanya alizikuna. Chumvi ndiyo ya mwisho." Dada alifuta pua kwa mkono. "Nilikuwa nakaa hapo ulipokaa wewe. Kwenye kigoda hicho. Kila jioni namchambulia mawe."

"Unajua kupika kama mama yako?"

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema nisiguse sufuria."

Mama Pacha alijifanya anaangalia mkaa. Fundi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Siku zote hizo mtoto huyu alikuwa na kiu ile ile, na yeye ndiye aliyemfungia mlango. Alimvuta kwake akamkumbatia, sufuria katikati yao.

"Nisamehe, mwanangu."

"Na mimi namkumbuka, baba," Dada alisema. "Nikipika ndiyo namwona vizuri. Na nimekosa pa kupikia."

Walichimba shimo nyuma ya karakana, kama alivyoshauri Mama Pacha, ili mtoto wala kuku wa mtu asije akala. Fundi alimimina mwenyewe, polepole. Akafukia. Kisha akaenda bombani na mchanga na stiliwaya, akakataa kusaidiwa. Alisugua mpaka giza likaingia. Ndani ya sufuria, chini ya ule weusi wote, kulitokea mikwaruzo ya mviringo, iliyochimbwa na upawa kwa miaka. Aliipitishia vidole. Mikwaruzo ile haikuweza kuoza.

*

Asubuhi iliyofuata Mama Pacha alipitisha kichwa juu ya ukuta.

"Sikilizeni kabla sijachelewa kazini. Mikono sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula. Pikeni kinachokwisha. Kikibaki, msikiache ndani ya sufuria kubwa, kinachelewa kupoa. Kigaweni kwenye bakuli pana, bakuli iwekeni ndani ya beseni la maji baridi, kipoe upesi, halafu kileteni kwangu. Nimewapa rafu moja ya friji."

"Na kukila tena?" aliuliza Dada.

"Kesho yake. Mnatoa cha kula tu, mnakichemsha mpaka kinatokota sawasawa. Kilichopashwa na kubaki hakirudi tena kwenye friji. Na cha jana hakichanganywi na cha leo. Shemeji, umesikia hilo la mwisho?"

"Nimesikia hata la kwanza," alisema Fundi.

Watu wengine wakijifunza jambo, wanalizidisha. Fundi alikuwa mmoja wao. Kwa muda aliosha mikono mpaka sabuni ya mwezi ikaisha kwa wiki. Alimfukuza mteja mmoja aliyekuja kuonja mboga bila kunawa. Lakini Kibonge alipona, mashavu yakarudi, na kila mpita njia akaendelea kuyafinya. Wala hakuharisha tena.

Maharagwe ya kwanza ya Dada yalikuwa siku ya mapumziko. Aliyaloweka jana yake, akayafunika. Asubuhi akamwaga maji. Fundi alitamani kusimama karibu aangalie, ila alifukuzwa.

"Nenda kafanye kazi, baba. Unaniharakishia kitunguu."

Akaenda karakana. Alikuwa na kiti cha kuegemea cha bibi mmoja, kitambaa cha kijani. Alivuta kitambaa, akakunja pembe, akagonga msumari. Akagonga mwingine. Harufu ya kitunguu kinachoiva polepole ilikuja kutoka jikoni. Fundi aliijua harufu ile. Akagonga kwa nguvu zaidi.

Ko, ko, ko.

Upawa kwenye ukingo wa sufuria. Pigo lile lile, mwendo ule ule.

"Nakuja, mama watoto!" alijibu Fundi.

Neno lilikwisha kutoka. Fundi alisimama na msumari mdomoni, nyundo hewani, hajui alishike neno lile au aliache liende.

Kisha sauti ya Dada ikatoka jikoni.

"Njoo basi, kinapoa!"

Ulikuwa umebaki msumari mmoja wa mwisho kwenye kile kiti. Fundi aliutoa mdomoni akautia mfukoni. Akaweka nyundo chini. Akanawa mikono kwa sabuni, akaingia jikoni chakula bado kinatoa moshi.

Walikula watatu, karibu karibu. Hakuna aliyezungumza mpaka Kibonge alipoulizia nyongeza. Walimaliza wakakwangua, wakagombania makoko. Fundi aliinua sufuria akaangalia ndani. Ilikuwa tupu, hata upawa mmoja haukubaki, na safari hii hakuogopa. Aliichukua akaipeleka bombani, akaiosha.